Harufu ya Webuye: moshi wa kiwanda cha karatasi huangukia wapi?

Kwa miaka mingi, abiria wa basi la Malaba hakuhitaji kuchungulia dirishani ili ajue amefika Webuye, mji wa magharibi mwa Kenya. Pua ilimwarifu. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho kila mtu alikiita Panpaper, kilizaliwa kwa makubaliano ya mwaka 1969 kati ya serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper ya India na shirika la IFC la Benki ya Dunia, kikaanza kutoa karatasi mwaka 1974. Kilisimama mwaka 2009 kwa kulemewa na madeni, na mwaka 2016 kikaingia mikononi mwa kundi la Rai. Katika miaka yote hiyo mji uliishi na kiwanda kwa mapenzi na manung'uniko: ajira, shule, biashara za sokoni, na upande wa pili harufu, vikohozi, na mabati ambayo wenye nyumba walilalamika kwamba yanaliwa na kutu kabla ya wakati wake.

Ukiwasikiliza watu wa miji ya aina hii wakibishana, utasikia maneno matatu yasiyopatana. Mmoja anakaa kilomita mbili na ushei kutoka kiwandani, naye anaapa kwamba harufu humfuata mpaka chumbani. Mwingine amepanga chumba karibu na lango, na anasema mchana hanusi kitu. Wa tatu ana ripoti mkononi: vipimo vyote viko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Ni rahisi kudhani kwamba kuna mwongo kati yao. Huenda wote watatu wanasema kweli, na kuona inavyowezekana inabidi kufuata safari ya moshi tangu unapotoka hadi unapogusa ardhi, kwa hesabu.

Tuanze na kinachotoka. Karatasi imara ya mifuko ya saruji na makatoni hutengenezwa kwa njia iitwayo krafti. Vipande vya mbao hupikwa kwenye mtungi mkubwa uliofungwa, kwa joto la karibu nyuzi 170 za selsiasi, ndani ya maji yenye kostiki soda na salfaidi ya sodiamu. Dawa hizo huyeyusha lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na nyuzi zenyewe hubaki kama rojo. Salfa ndiyo inayoharakisha kazi na kuipa karatasi nguvu, na ndiyo hiyo hiyo inayoleta kero. Humo mtunguni huzaliwa gesi nne: haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, methili merkaptani inayonuka kabichi iliyooza, na ndugu zao wawili, dimethili salfaidi na dimethili disalfaidi. Pua ya binadamu huzitambua zikiwa sehemu chache tu katika kila sehemu bilioni moja za hewa. Ndiyo maana kiwanda cha krafti kinaweza kunuka mji mzima ilhali gesi yenyewe, ukiipima kwa uzito, ni kidogo sana.

Maji meusi yanayobaki baada ya kupika hayamwagwi, kwa sababu yamebeba dawa ya bei ghali. Hukaushwa mpaka yawe mazito, kisha huchomwa katika tanuri kubwa linalorejesha dawa na kutoa mvuke wa kuendeshea mitambo. Pembeni kuna tanuri la chokaa. Kutoka kwenye matanuri haya hutoka salfa dioksaidi, oksaidi za naitrojeni na vumbi laini la chumvi za sodiamu. Salfa dioksaidi ikikutana na unyevu huwa tindikali, na hapo ndipo hadithi ya mabati inapoanzia. Kiwanda kikipausha karatasi kwa klorini kuna gesi nyingine tena, lakini hiyo tuiache.

Jambo la kushika ni kwamba kiwanda hakina mlango mmoja wa kutolea hewa chafu. Kuna dohani refu linaloonekana kutoka barabara kuu. Kuna matundu mafupi juu ya mapaa, mahali rojo linapooshwa na mtungi unapopakuliwa. Kuna valvu na maungio ya mabomba yanayovuja. Kuna mabwawa ya maji taka yanayopumua polepole usiku na mchana. Mpiga picha wa gazeti hupiga dohani kwa sababu ndilo linalopendeza kwenye picha. Anayechunguza harufu aanze kwa kulitilia shaka dohani hilo.

Hesabu yenyewe

Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, Frank Pasquill, alichapisha njia ya kukadiria jinsi moshi unavyotawanyika kwa kutumia mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona: kasi ya upepo, ukali wa jua, na kiasi cha mawingu usiku. Aligawa hali ya hewa katika madaraja kuanzia A, ambapo jua linachemsha ardhi na hewa inavurugika kweli kweli, hadi F, usiku mtulivu ambapo hewa imelala. Katikati kuna D, siku ya mawingu au ya upepo mkubwa. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1956, Wamarekani walikuwa wamefanya jaribio kwenye uwanda wa nyasi karibu na mji wa O'Neill, Nebraska: waliachia salfa dioksaidi karibu na ardhi na kuinasa kwa vipimo vilivyopangwa katika pinde, wa karibu mita 50 na wa mwisho mita 800. Vipimo vya uwanda ule vingali vikitumika hadi leo kupimia modeli mpya, yaani hesabu za kukadiria safari ya moshi. Uwanda ule ulikuwa tambarare, neno ambalo Webuye haiwezi kulitumia kujisifia, nasi tutalirudia.

Wazo la msingi si gumu. Moshi ukitoka dohanini hupanda kwanza, kwa sababu una joto na una kasi. Kisha upepo huulaza na kuubeba. Kadiri unavyokwenda ndivyo unavyopanuka kwa pembeni na kwa juu na chini. Ukikata wingu hilo katikati utaona sehemu nzito iko kwenye mstari wa kati, na linapungua kuelekea kingoni kwa umbo la kengele, mchoro unaobeba jina la mwanahisabati Gauss. Wingu likigusa ardhi halizami. Hurudishwa juu, na hesabu huongeza kiasi hicho kilichorudishwa.

Kwa hiyo ili ujue kiasi cha gesi katika hewa anayovuta mtu aliyesimama mahali fulani, unahitaji gramu ngapi zinatoka kwa sekunde, upepo unakwenda kasi gani na unaelekea wapi, wingu limepanuka kiasi gani likifika pale, na limeanzia juu kiasi gani. Urefu unaohesabiwa si wa dohani peke yake. Ni dohani pamoja na ule mpando wa moshi kabla haujalala, kwa kanuni ambazo Mmarekani Gary Briggs alizikusanya mwishoni mwa miaka ya 1960. Dohani la mita 60 linaweza kuwa na moshi unaolala kwenye mita 100.

Tupige hesabu ya mfano. Namba hizi si za Webuye wala za kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi, Tanzania. Nimezichagua kwa sababu zinaeleweka. Kiwanda kinatoa gramu 5 za haidrojeni salfaidi kwa sekunde. Moshi unalala mita 100 juu ya ardhi. Siku ni ya mawingu, daraja D, na upepo ni mita 3 kwa sekunde, ule wa kutikisa majani tu.

Mtu aliye mita 500 chini ya upepo, anayeliona dohani likimwinamia, anapata kiasi kisichofika hata maikrogramu moja, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Wingu liko juu ya kichwa chake, bado jembamba, halijashuka. Aliye kilomita 1 anapata karibu maikrogramu 6 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango kinapanda mpaka kufika kilele cha karibu maikrogramu 15 kwenye kilomita 2 na robo hivi. Baada ya hapo kinashuka taratibu, na kwenye kilomita 10 bado kuna maikrogramu 5. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba haidrojeni salfaidi isizidi maikrogramu 7 kwa wastani wa nusu saa ili watu wasikerwe na harufu. Basi yule wa kilomita mbili ana haki ya kulalamika, na yule wa langoni ana haki ya kushangaa analalamikia nini.

Sasa punguza urefu wa moshi kwa nusu, uwe mita 50, na usiguse kingine chochote. Kilele kinasogea karibu hadi mita 800 na kinaruka hadi maikrogramu 80 hivi, zaidi ya mara tano. Hapa ndipo ulipo mvuto wa dohani refu kwa wenye viwanda: kwa matofali na chuma tu, bila kuzuia gramu hata moja, kipimo cha karibu kinashuka vizuri. Gramu zenyewe zimekwenda kwa jirani wa mbali. Sidhani kwamba ni udanganyifu, kwa sababu kutawanya gesi kunapunguza madhara kweli, lakini ripoti inayosifu urefu wa dohani bila kutaja gramu zinazotoka imeruka swali la kwanza.

Saa ya siku ni nusu ya jibu

Wingu lile lile hubadilika tabia kati ya asubuhi na usiku kiasi kwamba ungedhani ni viwanda viwili.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini na upepo ukiwa mita 2 kwa sekunde, hewa iko daraja A. Ardhi imepata moto, mapande ya hewa yanapanda na mengine yanashuka kuziba nafasi, na moshi unachukuliwa juu na chini kama unavyotaka mchafuko huo. Kwa gramu zetu 5 na mita zetu 100, kilele kinakuwa umbali wa mita 350 tu, karibu maikrogramu 54. Si kwamba yule wa karibu na kiwanda anasalimika siku zote. Anasalimika siku ya mawingu, na anapatikana siku ya jua kali. Ila mchana wa namna hiyo harufu huja kwa vishindo: dakika moja ipo, dakika tano haipo, na mtu anadhani imepita.

Usiku bila mawingu, ardhi hupoteza joto upesi kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa baridi hulala chini na ile ya vuguvugu hukaa juu kama mfuniko. Moshi wa dohani hunyooka katikati ya matabaka hayo, mwembamba, bila kushuka. Kwenye kilomita 2 mtu hapati kitu, na kwenye kilomita 10 anapata maikrogramu 4. Kwa dohani, huo ni usiku mzuri.

Lakini watu wengi wanaoishi karibu na viwanda hivi hulalamikia usiku hasa. Je, wanaota? Turudi kwenye ile valvu inayovuja. Chukua gramu 0.1 kwa sekunde, moja ya hamsini ya kile kinachotoka dohanini, zikitokea usawa wa ardhi, usiku huo huo mtulivu, kwa upepo wa mita 1 na nusu kwa sekunde. Mita 500 kutoka hapo, hesabu inatoa zaidi ya maikrogramu 150 kwenye mstari wa katikati. Hiyo ni mara kumi ya kilele cha dohani siku ya mawingu. Hewa iliyolala haina nguvu ya kutawanya chochote, kwa hiyo kidogo kinachotoka chini kinabaki chini, kikifuata mabonde na mito kama maji. Bwawa la maji taka hutawanya gesi yake juu ya eneo pana zaidi kuliko bomba lililovuja, hivyo haliwi kali kiasi hicho kwa gramu zile zile, lakini kanuni ni moja. Kama harufu inakuamsha saa nane za usiku na unakaa karibu na kiwanda, nafasi kubwa ni kwamba dohani halina hatia.

Halafu kuna asubuhi. Jua likichomoza, ardhi inaanza kupata joto, na hewa inavurugika kuanzia chini kwenda juu. Kwa muda ule mfuniko bado upo juu. Mvurugiko ukipanda mpaka ukaufikia moshi uliokaa usiku kucha juu bila kutawanyika, unaushusha wote kwa mpigo. Kwa nusu saa au zaidi, kwa kawaida kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, vijiji vilivyo chini ya ule mstari vinapata kiasi ambacho hawakipati wakati mwingine wowote. Ndio wakati wanafunzi wako paredi. Baadaye mfuniko unavunjika, moshi unapata nafasi ya kupanda, na mwalimu aliyepiga simu ofisi ya mazingira anaambiwa na mkaguzi aliyefika saa sita kwamba hakunusa kitu.

Mlima haumo kwenye fomula

Yote niliyoeleza yanadhani ardhi ni bapa. Webuye iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mto Nzoia unaporomoka pale kwenye maporomoko ambayo wakoloni waliyaita Broderick, na vilima vya Chetambe, pale Wabukusu walipopigana na Waingereza mwaka 1895, vimesimama juu ya mji. Sasa rudia usiku ule mtulivu wa daraja F, moshi ukiwa mita 100 juu ya kiwanda. Mtu wa bondeni kilomita 2 mbali hapati kitu. Ndugu yake aliyejenga kilimani, umbali ule ule lakini mita 100 juu zaidi, yuko ndani ya kiini cha wingu. Kwa fomula ile ile, bila marekebisho, anapata karibu maikrogramu 360.

Uhalisia una utata zaidi. Hewa baridi ni nzito na haina nguvu ya kupanda mlima, hivyo sehemu ya moshi huupiga mlima uso kwa uso na sehemu nyingine huuzunguka. Programu ya AERMOD, ambayo Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, liliifanya kuwa programu yake rasmi mwaka 2005 na ambayo hupatikana bure, huchanganya picha mbili: moshi unaokwenda mlalo mpaka ukagonga mlima, na moshi unaofuata miinuko na mabonde. Uzito wa kila picha hutegemea hewa imelala kiasi gani. Ni suluhu nzuri, mradi mtumiaji ameingiza ramani ya miinuko. Ripoti iliyoendeshwa kwa kudhani ardhi bapa hukubaliwa na programu bila hata onyo la maana, na huchora duara safi za rangi ambazo mkutanoni zinapendeza sana.

Jambo la pili ambalo programu haikuulizi ni upepo ulioupata wapi. Kupima upepo mahali penyewe kunahitaji mlingoti wa mita 10 na mwaka mzima wa kumbukumbu, saa baada ya saa. Ni rahisi zaidi kuchukua data za uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa kilicho jirani. Eldoret iko juu ya uwanda wa zaidi ya mita 2,000; upepo wake haujui habari za bonde la Nzoia. Magharibi mwa Kenya pepo za mashariki hukutana alasiri na upepo unaotoka Ziwa Victoria, ndiyo maana mvua za radi hupiga huko jioni kwa ratiba karibu ya kila siku msimu ukifika. Juu ya hilo kila mteremko una upepo wake: mchana hewa hupanda mlima, usiku hushuka. Kukosea hapa ni kukosea pakubwa. Kwenye mfano wetu wa kwanza, pale kilele kilipo, nyuzi 5 za mwelekeo ni sawa na mita 200 pembeni, na mita 200 pembeni zinakata kiwango karibu nusu. EPA wenyewe katika mwongozo wao wanasema kosa la nyuzi 5 hadi 10 katika mwelekeo wa upepo linaweza kuleta kosa la asilimia 20 hadi 70 kwa mahali na saa fulani. Mwongozo huo huo unasema kiwango cha juu kabisa kinachokadiriwa mahali popote ndani ya eneo huwa na kosa la asilimia 10 hadi 40. Yaani modeli inajua kesi itakuwa mbaya kiasi gani, ila haijui vizuri nyumba ya nani wala saa ngapi.

Watu wengi hulielewa hili kinyume. Mkazi analeta tarehe na saa aliyopata harufu, mtaalamu anafungua kompyuta, anaona sifuri kwa saa hiyo, na malalamiko yanafungwa. Modeli haikujengwa kwa kazi hiyo. Ilijengwa kusema, kwa mwaka mzima, kilele ni kipi na kinaangukia ukanda gani.

Kuna shimo jingine, na hili naliona baya zaidi kwa sababu halionekani kwenye ramani. Katika fomula, kasi ya upepo iko chini ya mstari wa kugawanya. Upepo ukikaribia sifuri, jibu linakimbilia kwenye namba isiyo na mwisho, kitu ambacho hakiwezekani. Programu za kawaida hutatua tatizo hili kwa kuziruka saa ambazo kipimo hakikuhisi upepo: saa hizo hazihesabiwi. Mahali penye upepo wa kutosha hakuna hasara kubwa. Bondeni, ambako usiku mwingi hauna upepo wa kutingisha hata jani la mgomba, zinazorukwa ndizo saa ambazo bwawa na valvu vinanuka zaidi. Kipimo cha kisasa kinachohisi hata upepo dhaifu hupunguza tatizo, na programu nyingine kama CALPUFF hufuata moshi kwa vifungu vifungu badala ya mstari mmoja ulionyooka, hivyo hukubali hewa iliyosimama. Lakini swali la kumuuliza mwandishi wa ripoti ni fupi: saa ngapi za mwaka zimeachwa nje, na zilikuwa za usiku au za mchana?

Na zile gramu 5? Fomula ni mwaminifu kupita kiasi hapo. Ukiipa nusu ya gramu, inakupa nusu ya matokeo. Hakuna upepo wala mlima utakaosahihisha namba ya uongo. Kwa kawaida namba hiyo hupimwa dohanini siku moja au mbili, mitambo ikiwa katika hali nzuri, au huchukuliwa kwenye majedwali ya viwanda vya nchi nyingine kulingana na tani za rojo. Krafti hainuki kwa usawa. Hunuka zaidi mtambo ukiwashwa baada ya kusimama, tanuri likikosa hewa ya kutosha, au mfumo wa kuchoma gesi zinazonuka ukiharibika na gesi zikaachiwa moja kwa moja. Kiwanda kinachosimama na kuwaka mara kwa mara, iwe kwa umeme kukatika au kwa uhaba wa miti, kina saa nyingi za namna hiyo kuliko majedwali yanavyodhani.

Tumembakisha yule wa tatu, mwenye ripoti. Wastani wa nusu saa na pua ni vitu viwili tofauti. Pua hufanya kazi kwa sekunde. Katika nusu saa yenye wastani wa maikrogramu 6, chini ya kile kiwango cha 7, wingu linaweza kupepesuka likampiga mtu kwa dakika kadhaa kwa maikrogramu 30, kisha likaenda upande mwingine. Ripoti imesema kweli na mtu amenusa kweli. Kwa saa 24 tofauti inazidi kuwa kubwa: kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kulinda afya dhidi ya haidrojeni salfaidi ni maikrogramu 150 kwa wastani wa siku nzima. Mji unaweza kuwa mbali kabisa na 150 na bado ukanuka kila wiki. Harufu si kipimo kizuri cha hatari, na kukosa harufu ni kipimo kibaya zaidi, maana vumbi laini na salfa dioksaidi kidogo havinuki, na pua iliyokaa ndani ya harufu muda mrefu huacha kuisikia. Aliyepanga karibu na lango huenda amezoea tu.

Vipimo vya ardhini haviwi mbadala wa hesabu wala hesabu haiwi mbadala wake. Mirija midogo ya kunasa gesi, inayotundikwa kwa wiki mbili bila umeme, ni ya bei nafuu kuliko mtambo wa kupima papo hapo, na inatosha kuonyesha kama ramani ya rangi inafanana na mji uliopo. Ikiwa inatofautiana, unaweza kwenda kinyume: ukiwa na kipimo na upepo, unakokotoa gramu ambazo lazima zilitoka. Daftari la harufu linalojazwa na kaya chache kwa uaminifu, saa na mwelekeo wa upepo, hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu linatenganisha dohani na bwawa. Harufu ya mchana yenye upepo, kilomita mbili mbali, inaelekeza juu. Ya usiku bila upepo, karibu na uzio, inaelekeza chini.

Kenya ina kanuni za ubora wa hewa chini ya sheria ya mazingira, na tathmini ya athari kwa mazingira hufunguliwa kwa maoni ya umma kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Anayekwenda kutoa maoni hahitaji kujua fomula. Aangalie vipimo vimewekwa wapi. Mara nyingi viko langoni, kwa kuwa pana mlinzi na umeme. Kwa dohani la mita 60 lenye moshi unaolala mita 100, lango ndilo mahali salama kuliko pote siku ya mawingu. Kipimo kimoja kiende kilomita mbili hadi tatu chini ya upepo wa mchana, kimoja kipande mtelemkoni kwenye usawa wa moshi, na kimoja kikae mita mia chache kutoka kwenye mabwawa, upande ambao hewa baridi hushukia usiku.